Orodha ya DNA si cheti cha maji ya kisima

Mhariri,

Mwenye kisima Kisauni au Likoni akikabidhiwa orodha ndefu ya bakteria waliosomwa DNA, yaani maandishi yao ya urithi, ataona ama amehukumiwa ama amesafishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo. Kazi ya kusoma DNA ya vijidudu ni ya thamani kubwa, na inatuuma kuona ikibebeshwa swali isiloweza kulijibu, la kama maji yananyweka.

Hufanywa hivi. Lita moja ya maji hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22. Kichujio hutiwa kwenye kichupa chenye shanga ndogo ngumu, kikatikiswa kwa nguvu, kwa sababu wako bakteria wenye kuta ngumu ambao wasipopasuka hawatokei kwenye majibu. Halafu hunakiliwa jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo. Ina herufi kama 1,500, lakini mara nyingi husomwa kipande cha herufi 250 hivi.

Kipande hicho hakiwezi kutenganisha E. coli, bakteria wa utumbo anayeonyesha kuwa kinyesi kimo, na Shigella wa kuhara damu. Virusi havina jeni hiyo kabisa, kwa hiyo homa ya ini aina ya A haitaonekana humo. Asilimia nazo zisichukuliwe kama hesabu ya vichwa: E. coli mmoja ana nakala 7 za 16S, bakteria wa aina nyingine ana 1 tu. Zito kuliko yote ni kwamba DNA hubaki baada ya mwenyewe kufa. Tia klorini leo, na kesho mashine inaweza kusoma wafu pamoja na wazima.

Tena maji yenye vijidudu vichache huchafuliwa na DNA ya bakteria iliyomo kwenye dawa za maabara zenyewe, jambo ambalo watafiti wa Uingereza walilionyesha wazi mwaka 2014. Ndiyo maana sampuli tupu, yaani maji safi yaliyopitishwa hatua zile zile, ni lazima. Maabara isiyotoa majibu ya sampuli tupu pamoja na orodha yake, orodha hiyo isipokelewe.

Anayetaka kujua kama maji yananyweka aombe kipimo cha kuotesha bakteria, ambacho huonyesha walio hai tu: mililita 100, joto la kiotesheo, majibu baada ya saa 18 hadi 24. E. coli wawe 0. Sampuli ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Kama kisima kimetiwa klorini, chupa iwe na thaiosalfeti ya sodiamu ya kuizima. Bila hiyo klorini itaendelea kuua njiani, na maji machafu yataandikiwa kuwa safi.

DNA ina mahali pake, na kwa Mombasa ni pakubwa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye mianya, na maji ya choo cha shimo hupenya humo haraka hadi kisimani. Kipimo cha kuotesha kitasema kinyesi kimo, lakini hakitasema ni cha nani. Bakteria wa jamii ya Bacteroides wa utumbo wa binadamu wana alama za DNA zisizofanana na za wale wa ng'ombe. Hapo ndipo mtu atajua kama cha kuziba ni choo cha jirani au ni zizi la nyuma ya nyumba.

Wataalamu wa maabara,
Tudor, Mombasa