Kondoo hawanishindi, kinachonishinda ni lango la kibanio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotuhusu wafugaji ambao hatutembei vizuri, kwa sababu nimeona kwamba kila yanapozungumzwa maendeleo ya watu wenye ulemavu tunahesabiwa kuwa washonaji, mafundi viatu au wafugaji wa kuku, na kila yanapozungumzwa maendeleo ya mifugo anafikiriwa mtu mwenye miguu miwili mizima na fimbo begani. Katikati hapo tupo sisi, na hakuna anayetukumbuka wakati wa kujenga.

Mimi ni mama wa miaka 57 na ninaishi katika kijiji kimoja kusini mwa jiji la Dodoma. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio kabla sijaanza shule, na miaka sita iliyopita goti la kulia, ambalo lilikuwa limefanya kazi ya miguu miwili tangu utoto wangu, nalo lilianza kugoma. Natembea kwa magongo, na si mbali. Hata hivyo nina kondoo 26 na punda wawili, na kwa wanyama hao nimesomesha watoto watatu, kwa hiyo barua hii siiandiki ili nihurumiwe.

Nianze na punda, kwa kuwa bila wao hao kondoo wasingekuwapo. Shukuru na mwanawe Kazimoto wanavuta mkokoteni wa magurudumu mawili ya pikipiki ambao fundi wa kuchomelea alinitengenezea kwa vipimo vyangu. Sakafu yake ipo usawa wa goti, hivyo naweka makalio kwanza, kisha nainua mguu kwa mikono na kugeuka. Mkokoteni wa kwanza sakafu yake ilikuwa juu kama ya mikokoteni ya wengine, na kila safari ilibidi nimsubiri mtu wa kuninyanyua kama gunia. Jambo lingine nililojifunza kwa hasara ni kwamba punda hafungwi nira ya ng'ombe, kwa sababu hana nundu ya kuizuia nira na nguvu zake za kuvuta zipo kifuani. Shukuru alipata kidonda cha shingo kilichomweka bila kazi kwa wiki kadhaa, na wiki hizo mimi nami nilikuwa sina miguu. Sasa wanavaa ukanda mpana wa kifuani, ulioshonwa kwa turubai na kujazwa matambara. Mzigo nao lazima ukae juu ya ekseli, kwani ukielemea mbele unamkandamiza mnyama mgongoni na ukielemea nyuma mikono ya mkokoteni inainuka. Madumu sita ya lita 20 pamoja na mimi mwenyewe tunatosha.

Watu humlaumu punda kwa ukaidi. Mimi naushukuru, kwa kuwa punda akiogopa mara nyingi husimama na kutafakari badala ya kukimbia, na mtu asiyeweza kuruka kutoka kwenye mkokoteni anahitaji mnyama wa tabia hiyo hasa. Mpwa wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu picha za Uingereza, ambako watu wasioweza kutembea huendesha vigari vinavyovutwa na farasi wadogo. Akanisomea pia kwamba Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliacha mchezo wa polo mwaka 1971 kwa sababu ya ugonjwa wa viungo mkononi, akahamia kwenye kuendesha magari ya farasi, na akaendelea nao mpaka alipopita miaka 90. Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye mkokoteni wangu wakati huo huo nikisubiri zamu ya maji. Farasi wadogo hapa Ugogoni hatuna, na nadhani jua letu na majani haya makavu vingewasumbua. Punda wamezaliwa navyo. Nawaombea tu wabaki. Miaka ile ngozi zao zilipokuwa zikinunuliwa kwa wingi kwa ajili ya dawa za China, bei ilipanda hata nikashindwa kununua punda wa pili, ikabidi nimsubiri Shukuru azae, na punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima. Ndiyo maana nilifurahi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipopitisha zuio la miaka 15 la kuchinja punda kwa biashara ya ngozi.

Kondoo niliwachagua kwa kufikiri. Mbuzi nilikuwa nao, nikawauza, kwa kuwa mbuzi hupanda, huruka na hutawanyika, na mwenye magongo hawezi kubishana naye. Kondoo huandamana. Nina jike mmoja mzee mwenye kengele shingoni ambaye nikitikisa kopo la pumba huja, na wenzake wote humfuata hadi zizini. Zizi lenyewe zamani lilifungwa kwa miiba ya kuburuta, kazi isiyowezekana kwa mtu ambaye mikono yake yote miwili ipo kwenye magongo. Sasa lina lango la fito lenye bawaba, linalofunguka kwa kusukumwa na kiwiko. Ndani yake kuna kona nyembamba ambamo kondoo hukaa mmoja nyuma ya mwingine, nami nimekaa kwenye kigoda nje ya fito. Hapo ninafunua kope la chini la kila mmoja: likiwa jekundu namwachia apite, likiwa jeupe najua minyoo inamnyonya damu tumboni, na huyo peke yake ndiye ninayemnywesha dawa.

Hata majira ya kuzaa nimeyapanga kwa kufuata mguu wangu. Kondoo hubeba mimba miezi mitano. Wafugaji wengi hapa hupenda watoto wazaliwe mvua ikiwa imekolea, lakini udongo wetu ukilowa hunata kwenye gongo kama ugali kwenye mwiko, na usiku wa Februari mwaka mmoja nilianguka zizini nikakaa kwenye matope mpaka kulipopambazuka. Tangu hapo dume wangu huvaa kipande cha ngozi tumboni, kama wafanyavyo ndugu zetu Wamaasai, na ninakiondoa Novemba tu, ili watoto wazaliwe Aprili, wakati ardhi inaanza kukauka na majani bado yapo. Maziwa hupungua kidogo, lakini naweza kumfikia anayezaa kwa shida.

Kwa hiyo nyumbani nimejipanga, na taabu inaanza ninapotoka. Mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na ilipofika kwetu niliamka saa kumi alfajiri, nikafunga punda, nikawaongoza kondoo kwa kopo langu hadi kwenye kibanio cha kijiji, yaani ule ujia mwembamba wa kubania mifugo wakati wa chanjo. Lango la kibanio hicho ni magogo manne yaliyolala, na desturi ni kwamba mwenye mifugo anayaruka, anaingia na kuwakamata wanyama wake mwenyewe. Mtaalamu alinisalimu kwa heshima, "Mbukwa, mama," kisha akaniambia nitume mtoto. Mjukuu wangu alikuwa shuleni, ilikuwa Jumatano. Vijana wawili walinisaidia wakati wakisubiri zamu yao, na zamu yao ilipofika wakaenda kwa mifugo yao, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Kondoo 7 walirudi bila chanjo na bila hereni za utambuzi.

Saba ni wachache, atasema mtu. Lakini sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa unaozuiwa na chanjo hiyo, huambukizwa kwa wanyama kukaribiana, na hao saba wanakunywa kwenye lambo moja na mifugo ya kijiji kizima. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na sioni utatokomezwaje ikiwa zizi la kila mfugaji asiyeweza kuruka magogo litaachwa nusu.

Mnadani nako ni vivyo hivyo. Dirisha la kulipia lipo juu ya ngazi tano zisizo na pa kushika, nami humpa mtu fedha aniendee, nikiomba tu arudi. Wanunuzi nao wananijua. Huvuta bei wakisubiri jua lielekee magharibi, kwa kuwa wanafahamu kwamba kurudisha kondoo nyumbani kwangu si jambo jepesi. Kwa hao sina dawa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike, na mara nyingi tunalisikia hilo likisemwa juu ya shule, hospitali na ofisi. Josho, kibanio, lambo na mnada ni maeneo ya umma pia. Ninachoomba ni kidogo: lango moja lenye bawaba na upana wa kupitisha mtu na magongo yake au kiti mwendo, ukingo wa kushika kando ya kibanio, na mteremko badala ya ngazi. Naomba pia kwamba katika ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo yetu watu wenye ulemavu, anayeandika kondoo kwenye fomu asishauriwe abadilishe aandike kuku. Mimi nilishauriwa hivyo, tena kwa upole sana, na sikubadilisha.

Tumeambiwa wachanjaji watarudi baada ya mavuno. Bawaba mbili za chuma ninazo, zilitoka kwenye mlango wetu wa zamani, na bado hazijashika kutu. Kamati ya kijiji ikikubali kuzifunga, nitazileta mwenyewe kwenye mkokoteni, pamoja na misumari.

Mfugaji wa kondoo,
Dodoma