Barua kwa kampuni ya mikopo: Msinitwike deni la marehemu mtalaka wangu

Wete, Pemba.

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Mikopo,
Chake Chake.

YAH: KUDAIWA DENI LA MAREHEMU

Assalaam alaykum.

Mnanidai shilingi 3,650,000. Ndani ya hesabu hiyo mmechanganya madeni mawili: moja nalijua, jingine silijui.

Ninalolijua ni la mwaka 2021. Mimi na baba wa wanangu tulikopa kwenu shilingi 4,000,000 tukanunua mashine ya boti. Tulisaini sote wawili. Limebaki 1,150,000 na silikani, maana talaka haifuti saini.

La pili, la 2,500,000, marehemu alilichukua peke yake Januari 2024. Mimi niliachwa Machi 2023, na nakala ya cheti cha talaka naiambatanisha hapa. Eda yangu ilikwisha zamani kabla hajaja kwenu kukopa mara ya pili. Katika mkataba huo, nilivyouona mkononi mwa afisa wenu, mstari wa mkopaji mwenza uko mtupu. Siku ya kutoa pesa hamkunitafuta. Mmenitafuta msibani.

Hilo la msibani ndilo lililoniumiza zaidi. Ilikuwa siku ya tatu, hitma imeshasomwa, nami niko nyuma ya nyumba ya mama wa marehemu naosha masinia. Afisa wenu akaja mpaka huko uani, akafungua faili juu ya ukingo wa kisima mbele ya wanawake wenzangu, akanipa kalamu nisaini karatasi ya kuyakubali madeni yote. Mkono ulikuwa umejaa mafuta ya wali, kalamu ikaniponyoka. Akaiokota, akanirejeshea, akasema: "Utamwacha mwenzio alale kaburini na deni?"

Sikusaini. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Nimesoma chuoni tangu mdogo na najua uzito wa deni kwa maiti. Ila walimu walionifundisha hayo walinifundisha pia kwamba deni la maiti hulipwa kutoka katika mali yake: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Marehemu ameacha boti na mikarafuu kwao, na mirathi bado haijagawiwa. Mimi si mrithi wake tena. Wanangu ndio warithi, na naelewa kuwa deni likitolewa, fungu lao litapungua. Naliridhia hilo, kwa sababu simtakii baba yao abaki na haki ya mtu shingoni. Lakini msije kwangu kuchukua pesa ya unga wao na ya skuli na huku boti yake imefungwa pwani. Dai lenu lipelekeni kwa wasimamizi wa mirathi. Wakikuwekeeni pingamizi, kadhi yupo.

Na hata hilo deni la kwanza, nielezeni kuhusu bima. Mlitukata 80,000, tukapokea 3,920,000 mkononi. Risiti ninayo, imeandikwa "bima ya mkopo". Tuliambiwa dirishani kwenu kwamba mmoja wetu akifariki, bima italipa. Nilipomuuliza afisa pale kisimani, alinijibu kuwa hayo ni mambo ya ofisini. Basi ofisi inijibu: bima imedaiwa au haijadaiwa, italipa kiasi gani, na mimi nibakiwe na ngapi. Hiyo itakayobaki nitailipa kidogo kidogo, kila mwezi, kama nilivyokuwa nikilipa.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, jina langu liondolewe katika mkopo wa 2024, na meseji mnazomtumia kaka yangu zikome. Yeye hakukopa wala hakudhamini. Afisa yule naomba aende kwa mama wa marehemu akamtake radhi. Bibi yule ni mtu mzima, na alikuwa amekaa barazani akisikia kila neno.

Nisipojibiwa nitaipeleka barua hii mahakamani pamoja na vielelezo vyake.

Wenu,
Mkopaji wa mwaka 2021, Wete.

Viambatanisho: nakala ya cheti cha talaka, nakala ya mkataba wa 2021, nakala ya risiti ya bima.