Waliookoka mkasa wasilazimishwe kuusimulia

Kwako Mhariri,

Kila bweni linapoungua au basi la wanafunzi linapopinduka, habari humalizikia palepale: washauri nasaha wametumwa shuleni. Hakuna anayeuliza wamekwenda kufanya nini. Mara nyingi ni dibrifingi. Siku ya pili au ya tatu wanafunzi hukusanywa bwaloni, huketi mduara, kisha mmoja baada ya mwingine hutakiwa aeleze alichoona, alichowaza na kilichomuumiza zaidi. Saa mbili zikipita, gari la washauri huondoka.

Utaratibu huo ulichapishwa mwaka 1983 na Jeffrey Mitchell wa Marekani, na baadaye ukawa na hatua 7: utambulisho, tukio lenyewe, mawazo, hisia, dalili, mafunzo, na kufunga kikao ili kurejea shughuli za kawaida. Uliandaliwa kwa ajili ya wazima moto na wahudumu wa ambulensi, watu wazima wanaofahamiana na waliozoea kazi hiyo, si kwa mtoto aliyetolewa motoni.

Kwa majeruhi, kikao cha namna hii cha mara moja kilipimwa na matokeo hayakupendeza. Katika utafiti wa Cardiff, Wales, uliochapishwa 1997, watu waliolazwa kwa majeraha ya moto waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopewa kikao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 9. Tuseme kweli: waliopewa walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo pengo lote haliwezi kubebeshwa kikao. Lakini mwaka 2000 Oxford nayo ilitoa matokeo ya majeruhi wa ajali za barabarani waliofuatiliwa kwa miaka 3. Walioanza na hofu kubwa wakapewa kikao walikuwa bado taabani, ilhali wenzao wa hali hiyohiyo walioachwa bila kikao walikuwa wamepata nafuu. Mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, yakasema wazi kwamba kuwalazimisha watu dibrifingi kukome.

Kusimulia si sumu. Kambini Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa waliwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kwa masimulizi, na ikasaidia. Ila vikao vilikuwa 6, miaka kadhaa baada ya vita, na kisa hurudiwa mpaka hofu ishuke. Bwaloni kengele hulia hofu ikiwa imefika kileleni, na mtoto hurudi nayo kitandani. Isitoshe, yule aliyekuwa nyuma akanusa moshi tu analala na picha ya alichokiona aliyekuwa mlangoni. Na akishaambiwa kwenye hatua ya mafunzo kwamba atapata jinamizi, hata aliyekuwa akilala vizuri huanza kuuvizia usingizi wake.

Siku za kwanza kinachotakiwa ni maji, blanketi, simu ya kumpigia mama, orodha sahihi ya majeruhi na hospitali walipo, na mtu mzima wa kukaa karibu. Anayetaka kuzungumza asikilizwe, aliyenyamaza aachwe. Wala asipewe diazepam ili atulie: tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitumike kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza. Wengi hupoa wenyewe.

Safari ya pili ya washauri, baada ya mwezi mmoja, ndiyo inayorukwa. Hapo ndipo unapomwona asiyelala bado, anayeruka mlango ukibamizwa, anayezunguka uwanja mzima asipite karibu na bweni. Huyo ndiye wa tiba, tena ya vikao kadhaa. Jijini Nairobi wanawake 421, wengi wao waliowahi kufanyiwa ukatili, walishiriki jaribio lililochapishwa 2017. Wahudumu wa afya ya jamii waliwapa vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja: kupumua taratibu, kuchagua tatizo moja linalotatulika, kurudia shughuli zilizoachwa, kutafuta watu wa kuegemea. Walipata nafuu kuliko waliopelekwa kwa wauguzi tu.

Aliyeumizwa na mduara wa bwaloni hatarudi kwa mshauri. Atakwenda kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga, na hatumlaumu. Matanga yetu yana busara hiyo: watu hulala hapo, hupika, huteka maji, na hakuna anayemkalisha mjane kitako amhoji maiti ilikuwaje. Tunachopinga ni kule anakoambiwa atupe vidonge vya kifafa, au anakofungwa mnyororo.

Kwa hiyo, Mhariri, mkasa ujao mwandishi wako awaulize hao waliotumwa: nani ameruhusiwa kukataa kikao, na mtarudi tarehe ngapi?

Washauri nasaha,
Nakuru