Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani wa Kata Yetu: Ada ya Kituo cha Watoto Imetushinda

Mheshimiwa Diwani,

Natanguliza heshima zangu zote, na radhi kwa kukuandikia hadharani, kwani nimekwisha kufika ofisini kwako mara tatu na mara zote nikaambiwa uko kikaoni.

Jumatatu iliyopita alfajiri nilirudishwa getini kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, binti yangu wa miaka 2 akiwa mgongoni, kwa sababu nadaiwa ada ya miezi miwili, shilingi 80,000. Mwenye kituo simlaumu. Naye analipa pango na walezi. Nikaenda na mtoto kibandani kwangu sokoni, nikamkalisha nyuma yangu juu ya ndoo. Nilipoinama kutafuta chenji ya mteja, akashuka na kushika jiko la mkaa. Vidole vitatu vimetoka malengelenge, na usiku ananinyooshea nivipulize.

Ulipokuja kuomba kura, ulikula chapati zangu mbili, ambazo sikukudai, ukatamka mbele ya watu kwamba mtoto wa mama lishe ni mtoto wako. Basi nakuarifu kwamba mtoto wako ameungua.

Tunashukuru kwamba tangu mwaka 2016 elimu ya awali haina ada, lakini mtoto wa miaka 2 hapokelewi huko. Mwajiriwa ana siku zake 84 za likizo ya uzazi. Mimi nilirudi jikoni kitovu cha mtoto hakijapona vizuri. Nikiuliza msaada, naelekezwa kwenye mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Ni jambo jema, ila huo ni mkopo wa kikundi kwa ajili ya biashara, na tukiutumia kulipia ada ya watoto, marejesho tutayatoa wapi? TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nako naambiwa mwenye kibanda si kaya maskini. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inamtaja mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Nahisi imefika mezani kwenu ikaishia hapo, maana sokoni hatujaiona.

Naomba baraza lenu litenge ruzuku, japo nusu ya ada, kwa akina mama wa sokoni. Kama hilo ni zito, basi tupewe kile chumba cha ofisi ya kata kinachotunziwa viti vya plastiki vya mikutano. Mlezi tutamlipa wenyewe kwa kuchangishana, na viti tutavipanga ukutani. Chumba tu, Mheshimiwa.

Jumatatu nitakuja kuufuata ufunguo. Nitakuja na mtoto, kwa kuwa sina pa kumwacha.

Wako mpiga kura,
Mama lishe, Dodoma