Athu, naomba yale manyasi mnayoyatupa

Mwanangu Athu,

Ugonile! Tafuta kiti kwanza maana leo nimekuandikia ndefu. Huku Uyole, Mbeya, tu wazima, mama Neema anakusalimia, baridi ndo imeanza kung'ata, asubuhi ukitoka nje pumzi inatoka moshi kama umevuta kitu. Wewe huko Tanga najua unalala na feni.

Nina ombi na najua utanicheka, cheka tu. Nataka majani. Sio mwani wenyewe, nataka yale manyuzi ya kijani yanayojisokota kwenye kamba za mwani, yale ambayo mama mkwe wako siku ile tulipoenda naye Mkinga alikuwa anayachomoa huku anasonya na kuyarusha pembeni. Hayo hayo. Yajae kofia moja tu yananitosha.

Unalikumbuka tangi langu la samaki wa maji chumvi, si ulilikuta sebuleni. Lita 70 hivi, manemo wawili, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na konokono wanne, basi. Shida yangu haijawahi kuwa samaki, shida ni maji. Wewe ukitaka maji ya bahari unatembea dakika tano na ndoo. Mimi yangu yanapanda basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800, kila dumu la lita 20 namlipa konda elfu kumi na kila mara ananiuliza kama ni gongo. Chumvi ya kuchanganya mwenyewe ipo inauzwa, ila bei yake ukiisikia unaamua kufuga bata.

Sasa samaki akila lazima anye, na mambo yote yanaanzia hapo. Kinyesi na chakula kilichobaki vinaoza vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti halafu nitreti, ikifika hapo ndo imefika, inabaki inajaa tu. Nitreti unaijua bana, wewe mtoto wa mkulima, si ndo iliyomo kwenye CAN tunayowekea mahindi. Weka mbolea, weka taa, usipande kitu, uone kama magugu hayatakuja yenyewe. Vioo vikawa kijani, mchanga ukavaa utando wa kahawia, nikipima nitreti inasoma 40. Dawa yake ya kawaida ni kumwaga maji ya zamani uweke mapya, na kwangu huko ni kumwaga nauli.

Ndo nikaingia kwenye refujiamu. Jina kubwa lakini maana yake kimbilio tu, ni chombo cha pili, maji yanazunguka kati yake na tangi, humo unapanda majani ya baharini yanakula ile mbolea kabla haijafika kwenye vioo, na kwa kuwa samaki hawafiki humo basi vile vidudu vyeupe vidogo kama chawa, kopepodi, vinazaliana kwa raha zao, vinavyozidi vinateremka na maji samaki wanavidaka. Mama Neema analiita shamba. Shemeji yangu alipoliona akasema eti sasa nimeanza kufuga uchafu, nikamwambia kuna mwanasayansi Walter Adey wa Smithsonian kule Marekani miaka ya 1980 alikuwa anasafisha maji ya matangi kwa majani tu, akanijibu huyo alikuwa analipwa.

La kwanza nililiweka chini, ndani ya kabati, maji yanashuka yenyewe halafu pampu inayarudisha juu. Nikajiona fundi. Kumbe mdomo wa mpira wa kurudishia nimeuzamisha kabisa ndani ya tangi, na siku ya tatu umeme ukakatika saa nane usiku, pampu imesimama, mpira ukageuka ukaanza kunyonya maji kuyarudisha chini. Niliamka kwenda kukojoa nikakanyaga bahari sebuleni. Lita kama kumi na tano, maji ya nauli, yanaingia taratibu chini ya kochi huku mama Neema amesimama mlangoni na tochi ya simu haongei kitu, na wewe unamjua, akinyamaza ndo mbaya zaidi.

La pili nikaliweka juu ya tangi, na hili ndo lipo mpaka leo. Nilinunua soko la Mwanjelwa boksi la plastiki la lita 18, lile la kuwekea unga, nikapasha kipande cha bomba la chuma kwenye jiko la mkaa nikatobolea tundu ubavuni kwa juu, harufu ya plastiki ilifika mpaka kwa jirani. Tunduni ikaingia tanki konekta, kile kiungo cha bomba, ya robo tatu inchi na wosha ya raba kwa ndani. Kaza kwa mkono tu, ukishika spana plastiki inapasuka, ndivyo nilivyoua boksi la kwanza. Mbele ya tundu nimefunga kipande cha chekeche la chai majani yasiende kuziba. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka kwenye tangi, yakifika usawa wa tundu yanaanguka yenyewe kurudi kwa samaki, na vidudu vinashuka salama bila kupita kwenye pampu.

Ila bado niliwaza, je chekeche likiziba? Hapo pampu ingeendelea kusukuma mpaka boksi lifurike na tangi likauke. Kwa hiyo pampu nimeigandisha juu juu, vidole viwili tu chini ya uso wa maji, maji yakishuka lita tano inavuta hewa, na boksi juu ya tundu lina nafasi ya hizo lita tano. Mdomo wa mpira safari hii unaning'inia hewani juu ya maji, umeme ukate hata mara kumi hauna cha kunyonya. Nilichomoa waya kwa makusudi mara tano nikiwa nimeshika deki mkononi. Hakuna tone. Shida ni moja, huku kiangazi hewa ni kavu, maji yanapungua karibu lita kwa siku na chumvi haiendi kokote, nikisahau kuongeza maji yasiyo na chumvi siku nne pampu inaanza kukoroma. Naongezea maji ya mvua niliyokinga kwa beseni katikati ya uwanja, sio yale ya bati, bati linatoa zinki na konokono hawaiwezi.

Mwendo nao usiwe wa mafuriko. Niliweka jagi la lita moja chini ya bomba nikahesabu, linajaa kwa sekunde 20, sawa na lita 180 kwa saa, inatosha kabisa. Taa ni balbu nyeupe ya LED ya wati 12, naiwasha usiku taa ya samaki ikizimwa, asubuhi nabadilisha. Gizani majani nayo yanatoa hewa chafu kama sisi na pH, kipimo cha uasidi wa maji, inaporomoka, zamani alfajiri nilikuwa nakuta 7.8, nilivyoanza kupishanisha taa haishuki chini ya 8. Na lazima uvune! Kila wiki mbili natoa konzi moja nasuuza nawapa kuku, maana mbolea inatoka majani yakitoka, ukiyaacha yazeekee humo humo yanaoza unarudi ulikoanzia. Miezi miwili tu nitreti ikashuka kutoka 40 hadi 10, bila dumu hata moja.

Sasa sikia kilichonikuta mwezi uliopita. Majani niliyopanda hayakuwa haya ninayokuomba, ilikuwa kaulepa, ile yenye vishada kama zabibu changa, aliyeniuzia samaki Dar aliniongezea bure. Inapendeza kweli na inakua haraka. Siku hiyo saa kumi na moja alfajiri naenda kuzima taa nakuta vishada vyote vimekuwa vyeupe kama gamba la nyoka, kugusa kidogo kinayeyukia kidoleni, na tangi lote chini ni uji wa kijani sioni hata ukuta wa nyuma, manemo wako juu kabisa wanatweta midomo wazi. Kumbe kaulepa ikiamua kuzaa inamwaga kila kilichomo ndani yake kwenye maji, usiku mmoja, halafu inakufa. Mbolea ya miezi miwili yote ikarudi kwa mpigo. Na huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, maji yanabeba oksijeni pungufu karibu sehemu moja ya tano kuliko huko kwenu, kwa hiyo sikuwa na muda. Nilichota maji kwa jagi nikawa nayamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, mpaka mkono ukafa ganzi, madumu mawili ya akiba nikayatumia yote. Yule mdogo hakufika saa sita mchana. Ndo alikuwa dume. Hao samaki jike akifa dume hugeuka kuwa jike, ila jike harudi kuwa dume, sasa nimebaki na mama mjane anayegonga kioo kila nikipita.

Ndo maana nataka manyuzi. Kitaalamu ni ketomofa, yenyewe hayana tabia ya kumwagika hivyo. Utayajua kwa mkono, ni makavu makavu kama nailoni, yamejivuruga kama stiliwaya ya kusugulia sufuria ila kijani. Ukishika kikateleza kama kamasi acha, na vishada vya zabibu nakuomba usinitumie hata kimoja.

Ukiyapata yatikise kwenye ndoo ya maji ya bahari vikaa vianguke, ila usiyasuuze kwa maji ya bomba, vidudu nitakavyofurahia vitakufa vyote. Yaviringishe kwenye gazeti lililolowa maji ya bahari, tia kwenye mfuko, acha na hewa, funga. Maji ya kuelea hayahitajiki. Mwambie konda asiweke mbele karibu na injini. Tuma jioni yafike Dar asubuhi, pale stendi kuna kijana wangu atayapandisha basi la Mbeya, namba yake nitakupigia nikutajie.

Shikamoo yangu mfikishie mama mkwe. Akiuliza ya nini mwambie ukweli tu, na mwambie namtumia debe la viazi vya Uyole kwa konda huyo huyo, viko tayari mlangoni.

Wako,
baba Neema