Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama, wazazi wa watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na ujinga, hamjambo.

Tulikutana Kisumu kila mwezi isipokuwa Aprili, mvua ilipotufungia njia. Hesabu atazisoma mhazini. Wenye malimbikizo ya ada wanajijua.

Kilichotushughulisha hasa ni swali la mama mmoja wa Kondele: disleksia ya mwanangu imetoka upande gani? Mawifi walikuwa wamemwambia kwamba kwao hakuna mjinga. Ukumbi ulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu walioambiwa hivyohivyo majumbani mwao.

Disleksia hurithiwa, hilo halina ubishi. Ila hakuna jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi mwilini, ya kunyoshewa kidole. Mwaka 2003 watafiti wa Finland walitangaza jeni iitwayo DYX1C1, na wengi wakadhani mchawi amepatikana. Kumbe. Mwaka 2022 utafiti uliolinganisha watu zaidi ya 51,000 wenye disleksia na wengine zaidi ya milioni moja wasio nayo ulikuta sehemu 42 za jenomu, yaani urithi wote wa mtu, zinazohusika, kila moja ikichangia chembe tu. Chembe hizo mtoto huzikusanya kwa baba na kwa mama. Mawifi watulie.

Ndiyo maana nilikasirika kusikia mzazi mwenzetu ameuziwa kipimo cha mate, eti kitamtabiria mtoto. Hakuna kipimo cha jeni leo kinachoweza kumwambia mzazi kama mwanawe atasoma au hatasoma. Fedha ile ingelipa mwalimu wa kumfundisha mtoto sauti za herufi, moja moja, kwa subira.

Msidanganywe pia na Kiswahili. Kwa sababu sisi tunaandika tunavyotamka, mtoto anaweza kusoma “kalamu” bila kosa, ila kwa kujikokota. Kiingereza ndicho kinachomwumbua. Tatizo ni lilelile.

Kuna fundi wa magari miongoni mwetu, anayejua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Kila daftari la mahudhurio lilipomfikia alikuwa amesahau miwani, na binti yake ndiye aliyemwandikia. Septemba, baada ya mazungumzo hayo, alilivuta daftari akaandika jina lake mwenyewe. Alichukua muda. Tulisubiri.

Fomu ya kusajili watoto sasa ina swali jipya: nani mwingine katika ukoo alisumbuka kusoma? Lijazwe na pande zote mbili. Fundi wetu alijaza kwanza: “Mimi.”