Mabaraza ya Mji Mkongwe yaachwe wazi kwa wazee wanaokuja kupumzika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo familia nyingi za Dar es Salaam zimeanza kulifanya, ingawa bado hatulifanyi inavyostahili, nalo ni kumpeleka mzazi au ndugu mzee Unguja kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Zamani mzee alikuwa akitolewa nyumbani kwa sababu tatu tu: harusi, msiba au hospitali. Siku hizi, kwa kuwa boti za kasi huvuka hadi bandari ya Malindi kwa muda wa saa mbili hivi, watoto na wajukuu wamepata njia ya kumwambia mama au babu yao kwamba Ijumaa wanakwenda kupumzika, na hilo ni jema ambalo ningependa kuliona likizidi. Ninachoomba ni kwamba safari hiyo ipangwe kwa kipimo cha mzee mwenyewe, na kwamba wanaousimamia Mji Mkongwe wa Zanzibar walinde mahali pa kukaa ambapo mji huo umejaliwa tangu zamani, yaani mabaraza ya mbele ya nyumba, kwa sababu bila mahali hapo mzee hawezi kuutembelea.

Nimekuwa nikiziona familia zikishuka botini na orodha ndefu: Ngome Kongwe, Kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, mabafu ya kale ya Hamamni, soko la Darajani, halafu Jumapili asubuhi mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe. Kijana huyamaliza hayo yote kwa siku mbili na bado akabaki na nguvu. Mzee aliyevuka miaka sabini, mwenye magoti yanayouma na presha inayopanda, huyaanza kwa sababu hataki kuwavunja moyo watoto waliogharimika, na ikifika saa tano, jua likiwa limekwisha kuwa kali, husema kwa upole, “Nyinyi nendeni tu wanangu, mimi nitawasubiri hapa.” Wengi wetu huyapokea maneno hayo kama ruhusa. Wajukuu huendelea na matembezi, na yule ambaye safari yote ilisemwa kuwa ni yake hushinda chumbani peke yake akitazama feni. Siwalaumu watoto, kwa maana wanakwenda kwa mapenzi, lakini ni vizuri swali moja litangulie kabla tiketi hazijakatwa: wewe mwenyewe, mama, unataka kufanya nini huko?

Nilipomuuliza mama yangu mkubwa swali hilo, alitaka mambo mawili: kununua kanga Darajani, na kumzuru shoga yake wa ujana anayeishi Kiponda. Hakutaja jengo hata moja. Basi tukayagawa, jambo moja kila siku, na muda wote uliobaki tukauacha bila kuupangia kitu.

Asubuhi ya Jumamosi ilikwenda yote katika duka moja. Mwenye duka, baada ya kumwamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, alimtolea kigoda, akaagiza kahawa, kisha akaanza kushusha doti moja baada ya nyingine. Mama mkubwa alizishika kwa vidole kupima uzito wa pamba, akazigeuza kuangalia kama rangi imepenya upande wa pili, akatazama pindo kama limekaa sawa, akanitaka nimsomee majina kwa sauti kwa kuwa hakuja na miwani, akakataa, akaulizia bei, akakataa tena. Aliyekuwa na haraka angesema tumepoteza muda. Mimi niliona mtu mzima akifanya jambo analolijua kuliko sisi sote, akiwa amekaa kivulini, akibishana bei kwa raha zake na mtu anayemheshimu. Ukitaka kujua mapumziko ya mzee mjini yanafananaje, ni hayo.

Kutoka Darajani hadi Kiponda si mbali, na kwa mwenye miguu mizima ni mwendo wa dakika chache. Sisi tuliigawa njia hiyo kwa mabaraza. Nazungumzia yale mabaraza ya mawe na chokaa yaliyojengwa kushikana na kuta za nyumba, mara nyingi pande zote mbili za mlango, ambayo mtu yeyote apitaye huruhusiwa kuketi. Hapo ndipo majirani hupeana habari, hucheza bao na kunywa kahawa, na mvua kubwa ikinyesha hata vichochoro vikajaa maji, hapo hapo watu hupita juu yake. Kwa mzee, baraza ni kila kitu: ni pa kupumzisha magoti, pa kumeza dawa, pa kusalimiana na mpita njia na kuulizana habari za mji. Hakuna mji mwingine wa Tanzania ninaoujua ambao umewekewa viti vya bure karibu katika kila mtaa namna hii, na vyote chini ya kivuli cha nyumba ndefu.

Tatizo ni kwamba katika njia zinazopendwa na watalii, mabaraza mengi siku hizi yamefunikwa na bidhaa: picha za rangi, vinyago, mikoba, viungo vilivyofungwa katika vikapu vidogo. Mama mkubwa alisimama mbele ya baraza moja la namna hiyo, mkono mmoja ukutani, akihema, mpaka kijana muuzaji alipomwona na kuhamisha vinyago viwili vitatu ili apate pa kukaa. Kijana yule alikuwa na adabu na namshukuru mpaka leo. Hata hivyo, mzee asiye na mtu wa kumsemea angeendelea kusimama, kwa kuwa watu wazima wa kwetu hawaombi nafasi juu ya mali ya mtu. Sisemi wafanyabiashara wafukuzwe, kwani nao wanatafuta riziki, na sehemu kubwa ya riziki hiyo inatokana na wageni. Naomba tu kwamba katika kila mtaa yabaki mabaraza kadhaa yasiyowekwa kitu, hasa katika njia za kutoka Darajani kwenda Forodhani na za kutoka Malindi kwenda Mkunazini, na kwamba wenye nyumba wanaozitengeneza upya wasiyavunje ili kupanua milango ya maduka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, sote tulishtuka, na ni haki jumba lile alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 litafutiwe fedha na mafundi. Lakini baraza la nyumba ya kawaida nalo ni sehemu ya urithi huo huo, tena halidai mabilioni. Linadai kutiwa chokaa na kuachwa wazi.

Sambamba na hilo ni suala la pikipiki na vespa katika vichochoro. Mzee mwenye masikio mazito haisikii honi mpaka chombo kimemfikia mgongoni, na akiruka kwa kushtuka anaweza kuanguka. Sijui kwa nini mwendo wa vyombo hivyo hauwekewi kikomo kinachosimamiwa, angalau saa za asubuhi ambapo watu wa sokoni ni wengi.

Juu ya malazi niseme machache, ila ni ya muhimu. Nyumba nyingi za kulala wageni Mji Mkongwe ni majumba ya zamani yenye ngazi nyembamba na za wima, wala hazina lifti, na sehemu nyingi chai ya asubuhi huandaliwa juu kabisa, kwenye paa, kwa sababu ya mandhari. Mgeni kijana hufurahia, lakini kwa mzee maana yake ni kupanda ghorofa tatu kabla hajapata kikombe cha chai. Tulipopiga simu katika hoteli moja tuliahidiwa chumba cha chini, na tulipofika tukakuta cha chini kwao ni kile cha ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo nawashauri wasomaji waulize waziwazi: kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani kuna vidato vingapi, je, ngazi zina mahali pa kushika, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, sakafu ya bafuni inateleza, na chai inaweza kuletwa chini? Wenye hoteli nao wangetusaidia sana kama wangeyaandika hayo mahali pale pale wanapotangaza bei za vyumba.

Kuhusu wakati wa kwenda, anayeifahamu bahari hii hahitaji kuambiwa kwamba kusi ikivuma, hasa Juni na Julai, mkondo wa Unguja huchafuka. Hata hivyo miezi hiyo ndiyo yenye ubaridi unaomfaa mzee, ilhali Januari na Februari joto humchosha kabla hajatoka mlangoni. Masika ya Aprili na Mei ningeyaepuka kabisa, kwa sababu vichochoro huteleza. Anayechagua majira ya kusi na achukue boti ya asubuhi, ambapo aghalabu upepo haujapata nguvu, na amkalishe mzee wake sitaha ya chini, katikati au nyuma, ambapo mrusho ni mdogo. Mzee anayetapika sana baharini afadhali apandishwe ndege kama uwezo upo, maana angani ni dakika ishirini hivi tu. Wakati wa kushuka Malindi, ambapo abiria husukumana na wachukuzi hugombea mizigo, hakuna ubaya kubaki kitini mpaka umati umalizike. Na ile mashua ya Changuu, ambayo mara nyingi mtu huipanda kwa kuingia majini mpaka magotini, iachwe, isipokuwa mzee mwenyewe ameitaka.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi kwa sababu ya haya, nami nitalisema. Wazee wengi, na hasa akina mama, huacha kunywa maji siku ya safari kwa kuogopa kukosa choo, na baadhi yao huacha hata vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Mtu wa umri huo akikaa na kiu kutwa katika joto la Unguja, kizunguzungu kinamngoja, na anayepata kizunguzungu katika ngazi nilizozieleza anaweza kuvunjika nyonga. Hii ndiyo sababu, kabla ya kuamua mahali pa kumpeleka, napenda kujua kwanza choo safi kiko wapi karibu na hapo, kisha namwambia wazi, ili anywe maji bila wasiwasi. Dawa zake na kadi ya kliniki zikae katika mkoba wa mkononi, zisifungwe ndani ya begi, na familia ijue mapema kwamba Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pembezoni mwa Mji Mkongwe.

Jioni, Forodhani panatosha. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, ina viti, ina miti, na upepo wa bahari unafika. Ila wengi huja baada ya magharibi, wakati moshi wa mishikaki na msongamano wa watu vimeshika, mzee akabaki amesimama na sahani mkononi. Njooni saa kumi, mkae, mtazame vijana wanavyojitupa baharini kutoka ukutani, mle kitu chepesi, na mwondoke watu wanapoanza kujaa. Mwenye kisukari asitiliwe bilauri kubwa ya juisi ya miwa kwa kisingizio kwamba yuko mapumzikoni. Mama mkubwa alionja yangu kidogo, akarudi kwenye urojo wake, aliouomba bila pilipili.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliotimiza miaka 70, wawe waliwahi kuajiriwa au la. Kwa serikali iliyofikiria hivyo, haya ninayoyaomba ni madogo. Naziomba Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe na manispaa zikae na wafanyabiashara na masheha kukubaliana ni mabaraza gani yatabaki wazi, na kuyawekea alama. Ziongeze vyoo vya umma vyenye maji na mahali pa kushika, angalau kimoja karibu na Darajani na kimoja upande wa Forodhani. Na kampuni za boti, zote, zitenge mlango au muda wa dakika kumi ambapo wazee na wagonjwa watapanda kabla ya abiria wengine, Dar es Salaam na Malindi pia. Utaratibu wa mlango upo ndani ya uwezo wa kampuni zenyewe, na unaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa sikukuu, ambapo familia nyingi zitavuka.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam